Kondoo Asiyekabidhiwa

Kondoo alifika Nangara kwa bajaji, Jumamosi ya mwisho wa Februari, saa nne asubuhi. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga, kichwa amekitoa upande ambao abiria huegemeza mkono, akiyatazama maduka kama mtu anayewahi ofisini. Kando yake alikaa kaka yangu Ludovick, amevaa koti la suti lililomzidi mabega, ameshika kamba kwa mikono miwili. Dereva alipozima injini alisema amebeba watu wengi tangu alfajiri, na huyu ndiye wa kwanza ambaye hakumwambia apunguze mwendo. Watu wakacheka. Hata dada yangu Kandida, aliyekuwa ameegemezwa kwenye mito barazani, alicheka, akajishika ubavu wa kushoto.

Sikumbuki kumsikia akicheka tena baada ya siku hiyo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Babati, mwaka wa kumi na saba sasa. Watu huniita daktari, na nilishachoka kuwasahihisha. Kazi yangu ni kutazama na kuandika kilichopo. Vimelea vya malaria visipoonekana, naandika havikuonekana, hata kama mgonjwa anatetemeka mbele ya dirisha langu na mama yake ameshaamua kwamba ni malaria. Wengine hukasirika. Nimezoea. Tangu nikiwa mwanafunzi niliamini kwamba jibu sahihi haliwezi kumdhuru mtu. Linalodhuru ni kosa, au kuchelewa.

Kondoo yule aliletwa kwa ajili ya jambo moja tu. Katika ukoo wetu, ndugu aliyemkosea ndugu yake kwa kosa zito huleta kondoo jike asiye na kilema. Huishika kamba, hulitaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wazee, kisha huiweka kamba mkononi mwa aliyemkosea. Aliyekosewa akiipokea, kondoo huchinjwa, watu wanakula, na jambo lile halitajwi tena mpaka kufa. Kamba isipopokelewa, kondoo hurudi alikotoka. Nilikuwa nimeziona zote mbili nikiwa mtoto kule Mutuka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna namna ya tatu.

Kosa la Ludovick lilijulikana. Baba alipofariki, shamba la Mutuka lilibaki katika jina lake yeye kama kifungua mimba, lakini aliyelima alikuwa Kandida. Alirudi pale ndoa yake ilipovunjika, akiwa na watoto wawili, Severini na Otilia. Kila mwaka alipanda mahindi na mbaazi pamoja, akavuna mahindi, akaziacha mbaazi zisimame peke yake hadi Agosti, na upande wa mashariki, palipo na miti miwili ya mgrevilea, hakupanda kitu. Hapo ndipo alipozikwa Severini. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa na miaka saba, kwa siku mbili. Kaburi lilikuwa na mawe matatu na msalaba wa mbao uliobadilishwa kila Pasaka. Hakuna aliyeacha kumwita dada yangu Mama Severini. Otilia alikua akijua kwamba mama yake anaitwa kwa jina la aliyelala shambani, na hakulalamika.

Ludovick aliliuza shamba lile ili anunue lori. Alimwambia Kandida miezi miwili baadaye, kwa simu, akamhakikishia kwamba mnunuzi ameelezwa kuhusu kaburi na ataliacha na uzio wake. Labda alimweleza. Mnunuzi naye alikodi trekta, na dereva wa trekta hakuelezwa na mtu yeyote. Tarehe kumi na sita Novemba, Kandida alirudi kutoka sokoni mjini, akakuta migrevilea imeangushwa na mifereji ya plau imenyooka toka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, mizuri, sawasawa. Alizunguka akitafuta mawe matatu. Udongo wa pale una mawe mengi.

Tangu siku hiyo hakulala tena usingizi wa kawaida. Ninasema hivi kama mtu aliyempima: shinikizo la damu lilipanda, uzito ulishuka kilo tisa kwa miezi minane. Alihamia chumba cha kupanga hapa Nangara na Otilia. Alifungua kesi baraza la ardhi, akawa anahudhuria kila ilipotajwa, amevaa gauni lilelile la kitenge cha kijani, amebeba picha ya Severini kwenye bahasha ya kaki ingawa hakuna aliyemwambia aje nayo. Desemba ya mwaka uliofuata kesi iliamuliwa. Alishindwa. Januari akaja maabara kwangu, akasubiri foleni kama wengine, na ilipofika zamu yake akafungua vifungo vya gauni, akauweka mkono wangu kwenye titi la kushoto.

Uvimbe ulikuwa wa sentimita tano, mgumu, haukusogea. Kwapani kulikuwa na vingine. Kinyama kilikatwa kikapelekwa Moshi, na majibu yaliporudi niliyasoma mimi kwanza. Picha za mwezi uliofuata zilionyesha kwamba ugonjwa ulishafika kwenye ini.

Baba mdogo Baltazar ndiye aliyeitisha kikao cha kondoo. Ana miaka themanini na mbili, hasikii vizuri sikio la kulia, na Kiswahili chake bado kinabeba koo la Kiiraqw, hivyo kila neno linatoka kama limekwanguliwa. Alimwita Ludovick nyumbani kwake akamwambia alichokuwa akikisema kila mtu Mutuka: trekta limepita juu ya mtoto, na mama ameugua titi lililomnyonyesha mtoto huyo. Nani anahitaji kuelezwa zaidi? Ludovick si mtu wa kuomba radhi. Lakini ni mtu wa kuogopa. Alitafuta kondoo kwa siku nne.

Sasa tulikuwa tumekaa, watu kumi na mmoja, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara kuielekea baraza. Otilia alikuwa ameweka sufuria la kande jikoni na maji ya kuchemshia nyama, kwa sababu nyama ilitarajiwa. Baba mdogo aliomba dua kwa Kiiraqw, sisi tukaitikia kila mwisho wa mstari. Kisha akamwambia Ludovick asimame aseme.

Ludovick alisimama. Kondoo naye akajaribu kusimama. Niliona jasho limelowesha ukosi wa shati lake, na niliona midomo yake ikiliandaa neno la kwanza. Sina shaka kabisa juu ya hilo. Kama ningekuwa nimetoka nje kwa dakika moja kupokea simu, angelisema.

Badala yake alinigeukia.

"Kabla sijasema," alisema, "naomba Anjela atuambie. Yeye ndiye aliyesoma. Mawazo yanaweza kumpa mtu kansa?"

Baba mdogo aliuliza amesema nini, na mtu akamrudia sikioni. Wote wakanitazama. Kandida pia alinitazama, na niliuelewa mtazamo wake kama ruhusa ya kujibu.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwa wiki tatu nilikuwa nikisoma juu ya jambo hilohilo, kila nilipopata muda. Niliwaeleza kwa lugha nyepesi. Nilisema uvimbe wa ukubwa ule hauanzi kwa mwaka mmoja. Kwa makadirio ya kawaida, seli ya kwanza iliharibika miaka mingi nyuma, pengine kabla baba hajafariki, na trekta lilipita miezi kumi na minne tu kabla ya vipimo. Nilisema wamefuatiliwa wanawake maelfu kwa maelfu, wakaulizwa waliofiwa ni nani, walioachika ni nani, waliopoteza mali ni nani, na tafiti nyingi hazikuona kwamba hao walipata kansa ya titi zaidi kuliko wenzao. Chache ziliona. Zinapingana. Nilisema wapo wanaofikiri kwamba homoni za msongo zinaweza kuusaidia ugonjwa uliokwisha kuanza usambae, kwamba kwa panya jambo hilo limeonekana, na kwamba kwa binadamu bado halijathibitishwa. Nilizungumza kama dakika nne. Hakuna nilichokosea. Nimeirudia hotuba ile kichwani mara nyingi nikitafuta kosa, na halipo.

"Kwa hiyo si mimi," Ludovick alisema.

"Kwa ushahidi uliopo, hakuna anayeweza kusema kwamba ni wewe."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo alichokuwa akikihofia. Alitazama kamba mkononi mwake. Kisha akamvuta kondoo hadi kwenye nguzo ya tangi la maji, akafunga kamba pale, mafundo mawili, akarudi akachukua kofia yake juu ya kiti. Alimwaga baba mdogo, akamwambia kwamba ana mzigo wa kupakia. Mama mmoja wa ukoo akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba basi angalau amfungue kondoo miguu, hakukosa kitu. Ludovick akarudi, akainama, akakifungua kile kipande cha kanga, akakikunja, akakitia mfukoni, akaondoka.

Baba mdogo alikuwa bado anauliza nimesema nini.

Kandida ndiye aliyekivunja kikao. Alimwita Otilia, akamwambia apakue kande, watu wametoka mbali.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyasema siku ile, nami nilikuwa nayajua yote mawili.

La kwanza liliandikwa kwa mkono wangu kwenye fomu ya Kandida: dalili zilianza Agosti. Aliniambia mwenyewe siku ile ya Januari, huku akifunga vifungo. Aliuhisi uvimbe akioga, mdogo kama punje ya mbaazi, lakini kesi ilikuwa inatajwa kila baada ya wiki tatu, na karani alishamwonya kwamba mlalamikaji asipotokea shauri hufutwa. Akaamua kumaliza kwanza kesi. Miezi mitano. Kama mtu angeniuliza swali la namna nyingine, kama trekta lile limempunguzia dada yangu miaka ya kuishi, jibu la kitaalamu lingekuwa tofauti kabisa. Hakuna aliyeniuliza hivyo. Nami nilijibu nilichoulizwa, kama ninavyojibu fomu zinazoletwa dirishani: kipimo kilichoombwa, hakuna zaidi.

La pili ni sahihi yangu. Ili shamba liuzwe, ilitakiwa karatasi ya muhtasari wa kikao cha familia. Kikao hakikuwahi kukaa. Ludovick aliniletea karatasi kazini, siku yenye foleni, akasema ni mambo ya mirathi ya baba. Nilivua glavu ya mkono wa kulia. Nilisoma kichwa cha habari, nikasaini kwenye kaunta, kati ya chupa za damu, nikavaa glavu nyingine. Mimi, ambaye huwarudisha wauguzi kwa sababu ya tarehe moja iliyokosewa kwenye lebo. Ndiyo maana kwa wiki tatu nilisoma tafiti zile kwa bidii nisiyowahi kuwa nayo hata chuoni. Nilitaka kujua kama Ludovick ana hatia, na kila ukurasa uliomsafisha yeye ulinisafisha na mimi.

Dripu za dawa ya kansa kule Moshi alipewa mbili. Baada ya ile ya pili damu yake ilishuka mno, madaktari wakasema apumzike, na sote tukaelewa. Kila nilipotoka kazini nilipitia Nangara. Kondoo alikuwa bado pale kwenye nguzo ya tangi. Otilia alimkatia majani kando ya mtaro, na watoto wa jirani walimpa maganda ya ndizi. Siku moja Otilia aliniuliza, "Mama mdogo, huyu tunamfanyaje sasa? Maana hajakabidhiwa, hajakataliwa. Mgeni gani huyu haagi." Nilikwenda Mutuka kumuuliza baba mdogo. Akasema hajawahi kuona kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Kumchinja haturuhusiwi, kumrudisha si juu yetu. Anasubiri mwenye maneno.

Katikati ya Aprili mvua zilikuwa zimekolea na Mlima Kwaraa ulikuwa hauonekani kwa siku ya tatu. Nilikuwa namgeuza Kandida ili nimpake mafuta mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mkono mmoja ulitosha. Akiwa amenipa mgongo, akasema:

"Niliiona sahihi yako kule baraza la ardhi."

Mkono wangu ulisimama.

"Walinipa nisome ule muhtasari. Herufi yako ya kwanza ina mkia, tangu shule. Nilijua kabla sijasoma jina."

Nilihesabu. Ilikuwa ni mwaka mzima na zaidi. Mwaka mzima alikuja kwangu, akala kwangu Krismasi, akauweka mkono wangu juu ya uvimbe wake.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nilisubiri useme wewe." Alivuta pumzi. "Siku ya kondoo nilijua mtasema wote wawili. Ludovick kwanza, halafu wewe. Aliposema wewe ndiye uliyesoma, nikasema moyoni, haya, anaanza mdogo."

Nilimweleza kwamba niliulizwa kuhusu ugonjwa.

"Ugonjwa ni wa Mungu, Anjela. Mimi nilimletea nani kesi ya ugonjwa? Nilitaka mtu aseme, tumempitishia trekta mtoto wako."

Nikasema. Nilisema maneno hayohayo, kama alivyoyapanga yeye, kwa sababu sikuwa na mengine. Niliongeza nisamehe. Mafuta yalikuwa yamekauka kwenye kiganja changu. Hakugeuka. Aliuliza kama kondoo amepewa maji, nikasema amepewa, akasema sawa. Kisha akasema niende nikamlete Ludovick naye aseme, ili yule mnyama apumzike.

Nilimkuta Ludovick karibu na stendi, chini ya lori lake la Fuso, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Nilimwamkia, nikazungumza na viatu vyake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kutoka.

"Ulisema si mimi," viatu vilisema.

"Nilisema kansa. Sikusema kaburi."

"Mbele ya ukoo mzima ulisema si mimi. Leo nikirudi kushika kamba, watu watasema nini? Watasema kumbe ni yeye."

Nilimwambia mimi nimeshaomba radhi. Hapo akatoka, akakaa kwenye lami, uso umejaa grisi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Aliuliza, "Alisemaje?"

"Aliuliza kama kondoo amekunywa maji."

Alifuta vidole kimoja kimoja kwa tambara. Akasema atakuja Jumapili, baada ya misa.

Jumapili tulimvalisha Kandida gauni la kitenge cha kijani na kumkalisha barazani. Otilia alimwosha kondoo. Saa saba kasoro, tulilisikia Fuso likipanda kutoka barabara kubwa. Ekzosi yake ilikuwa imetoboka na Kandida aliijua kuliko sisi. Lilisimama nyuma ya ukuta wa jirani. Injini haikuzimwa. Otilia alitaka kutoka kwenda kumwita, na mama yake akamshika kiganja, akasema mwache, atashuka mwenyewe. Tulikaa hivyo. Saa yangu ilionyesha dakika tisa. Ningeweza kwenda mimi. Hatua ni thelathini, nilizipima baadaye. Lakini Kandida alikuwa amesema tumwache, na nilijua kwamba neno linalovutwa kwa mkono halingemtosha. Kisha gia iliingia, na sauti ikaanza kushuka, ikapita msikiti, ikapita mashine ya kusaga, ikaisha.

"Nirudisheni ndani," Kandida alisema.

Alifariki tarehe tisa Mei, Jumanne, saa sita mchana. Kwenye cheti, sehemu ya chanzo cha kifo, nilisoma saratani ya titi iliyosambaa, na hiyo ndiyo sahihi. Alizikwa makaburi ya parokia. Pale alipotaka kuzikwa, kando ya Severini, palikuwa na alizeti za mtu mwingine, zimefika kiunoni. Ludovick alikuwa wa kwanza kushika jeneza na wa mwisho kuacha koleo. Hakuna aliyemlaumu. Nilishawaeleza.

Mwenye nyumba alihitaji chumba chake, hivyo Otilia alihamia kwangu, na kondoo akahamia kwangu. Tulimleta kwa miguu, Otilia mbele, mimi nyuma, kamba ileile. Ametimiza mwaka wa pili sasa. Amenenepa. Wageni wanaokuja kwangu huuliza ni wa sikukuu ipi.

Mara moja kwa mwezi, au zaidi kidogo, Fuso husimama nje ya geti langu. Ludovick huteremsha kioo. Tunaamkiana, ananiuliza habari za kazi, ananiuliza Otilia. Kisha hutazama mbele kupitia kioo cha gari, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Kondoo hajambo?"

"Hajambo, kaka."

"Anakula?"

"Anakula."

Injini haizimwi. Nami husimama pale, mkono juu ya geti, namsubiri ashuke.